Matundu Mawili Kwenye Kitako cha Bunduki ya Baba Mkwe

Igoma, Jumapili, saa kumi alasiri. Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa ziwa, na mvua haijanyesha wala haijaondoka.

Mikono yangu inanuka thina ya kuyeyushia rangi na moyo wangu haujatulia.

Yafaa nianze na kosa, kwa kuwa ni langu. Baba mkwe wangu, Mzee Lushinge wa Magu, anamiliki kihalali bunduki ya mtutu mmoja tangu mke wangu Kulwa akiwa mtoto. Huitumia kuwafukuza viboko wanaopanda kutoka ziwani na kuingia katika mpunga wake. Kesho asubuhi anatakiwa kuifikisha kituo cha polisi ikaguliwe, ndipo leseni ihuishwe. Ikikataliwa itabaki huko, na mpunga ndio kwanza umetoa masuke.

Barua ya maombi niliiandika mimi. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua za maombi na malalamiko. Sikuisomea darasani, nilijifunza kwa kunakili barua za wengine, mpaka nikaijua nafasi ya kila mkato. Katika aya ya tatu niliandika kwamba silaha hiyo "ni nzima, haina kasoro yoyote, na haijapata kufunguliwa wala kufanyiwa matengenezo tangu iliponunuliwa." Ni sentensi iliyosimama vizuri.

Niliiandika bila kuiona bunduki.

Nilimsomea Mzee kwa sauti, akaitikia kwa kichwa, akaweka dole gumba. Nikatia saini kuwa shahidi. Barua ikapokelewa na kugongwa muhuri.

Alhamisi Mzee aliwasili kwetu na bunduki yenyewe. Bamba la chuma linalofunika mwisho wa kitako, pale panapoegemea bega, lilikuwa linaning'inia. Nilijaribu kukaza skrubu zake mbili. Zilizunguka tu, zikazunguka, bila kushika kitu. Mti wa ndani ulikuwa umelika.

Kulwa alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini: "Baba akirudi mikono mitupu, mama atakwenda kulala shambani na debe la kupiga. Unamjua. Na unajua kilichompata jirani yao."

Ninajua. Jirani yao alikutana na kiboko akiwa na debe tu mkononi. Tulimzika.

Ijumaa nilijaribu kuyatengeneza matundu hayo mwenyewe, kwa njiti za meno na gundi nyeupe ya karatasi. Nilipokuwa nikiyasafisha, zilitoka njiti nyingine, za kiberiti, nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Kumbe mtu alikwisha kufanya ukarabati kama wangu. Mzee alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Alitazama dirishani. Nami nikanyamaza, kwa kuwa baba mkwe haulizwi jambo la namna hiyo. Gundi haikushika. Skrubu zikaendelea kuzunguka.

Jana Mzee alikitenga kitako na chuma kwa mikono yake, akabaki nyumbani akiulinda mtutu. Mimi nikakibeba kitako ndani ya kiroba cha mchele kumpelekea Fundi Jumanne, seremala wa huku kwetu. Nilitembea kwa miguu. Nakala ya leseni ilikuwa mfukoni, lakini sikujua kama mti pekee nao huhesabiwa kuwa silaha, na mtu aliyezoea kuwaeleza wenzake sheria anaona aibu kubwa asipojua. Njia panda askari mmoja alikitazama kiroba. Nilimwamkia kabla hajauliza lolote. Aliitikia, akageukia pikipiki.

"Mwandishi!" Jumanne alipaza sauti. "Leo umekuja kunishitaki?"

Nilimweleza kwa utaratibu. Alinikatiza.

"Chuma sikishiki, nisije nikalala ndani kwa ajili ya viboko wa Magu. Mti nipe." Akachungulia tundu. "Njiti za meno? Kwani hili tundu lilikula nyama?"

Mafundi wenzake wote walicheka. Sikucheka.

Kisha akanifundisha, na namshukuru. Mti uliokunywa mafuta ya bunduki hausikii gundi. Sharti uoshwe kwanza kwa thina, ukauke, uoshwe tena; kuosha aliniachia mimi. Alitoboa kila tundu likawa pana zaidi, jambo lililonifanya nishike ukingo wa meza. Akachonga vizibo viwili vya mninga, nyuzi zake zikilala kukingama na nyuzi za kitako. Alisema skrubu inayoingia kwa kufuata nyuzi huchomoka upesi, bali inayozikata hushika. Akavitia gundi, akavigongea ndani, akanikataza nisiviguse hadi leo.

Leo baada ya ibada nilikikuta kitako kwenye jiriwa, kimefungiwa matambara. Jumanne alitoboa vijitundu vyembamba katikati ya vizibo, akazipaka skrubu nta ya mshumaa, akanipa bisibisi. "Kaza mwenyewe. Ukizidisha nguvu, tunaanza upya."

Skrubu ya kwanza iliingia. Mzunguko wa nne ikawa nzito. Wa sita ikagoma. Ya pili ilifanya vivyo hivyo. Nilivuta bamba kwa vidole vyote kumi, halikutikisika.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha. Mzee aliunganisha chuma na mti, akaegemeza kitako begani, akaridhika. Chini ya bamba hakuna aonaye kizibo. Barua ingeweza kubaki ilivyo.

Hapo ndipo nilipomuuliza. "Baba, samahani. Njiti za kiberiti aliweka nani?"

"Niliweka mimi. Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia nilipokusomea barua?"

"Ulikuwa unaisoma vizuri, mkwilima. Ningekukatizaje?"



Mzee alisikia uongo ukisomwa kwa jina lake, akauwekea dole gumba ili asimwaibishe mume wa binti yake. Nami niliziona njiti, nikanyamaza ili nisimwaibishe yeye. Kesho afisa akilifungua bamba hilo, hataulizwa mwenye saini nzuri. Ataulizwa mwenye bunduki.

Nimeandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza. Rasimu ya awali ilikuwa na "kwa unyenyekevu mkubwa" mara tatu, nimeichana. Iliyobaki ina sentensi tano: kwamba mwandishi hakuiona silaha, kwamba mti wake ulitengenezwa zamani na mmiliki mwenyewe, kwamba umetengenezwa tena na seremala, kwamba chuma hakikuguswa, kwamba tunaomba ikaguliwe hivyo ilivyo.

Nilimsomea sentensi moja moja, na kwa kila moja nikamsubiri ajibu. Mara mbili alinyamaza kwa adabu, na mara mbili nilikataa kuendelea. Kwenye sentensi ya pili akainua mkono.

"Umeandika vipande vya mti. Andika njiti za kiberiti. Sikuwa na kingine."

Nikaandika njiti za kiberiti. Akaweka dole.

Huenda tumeiharibu leseni kwa kusema kweli. Kulwa haniulizi kitu. Anakuna nazi kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika.

Saa mbili asubuhi tutakuwa kwenye benchi la kituo. Nimeazimia kuketi nyuma ya Mzee, akiulizwa ajibu mwenyewe, kwa maneno yake, hata akianza na habari za viboko na kumaliza na za mkewe. Miaka yote hii nimewasemea watu.

Je, nitaweza kumwacha mmoja aseme?