Chafya ya Karbalai Ghorban

Isfahani, 10 Mfunguo Sita 1299

Mwanangu Lutfullah, tulizo la macho yangu,

Salamu nyingi. Kifua chako kinaivumilia baridi ya Tehrani? Mimi mzima, ila goti langu linajifanya zee kuliko mimi.

Dada yako Mahrokh ameniandikia kutoka Kermani. Atajifungua karibu na Nairuzi, mwaka ukigeuka. Mwaka juzi ulinishauri nisisafiri, nikakusikiliza, nikampelekea sanduku la halua. Halua ilifika, mtoto keshazikwa. Binti yangu aliyalilia maziwa yake yasiyo na wa kuyanyonya, peke yake katika nyumba ya watu, na mimi sijajisamehe.

Safari hii naenda. Mwamuru msimamizi wetu, Karbalai Ghorban, anifungie machela kwenye nyumbu wawili wapole.

Mama yako

*

Tehrani, 20 Mfunguo Sita

Mama yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako. Kifua kimetulia, alhamdulillahi. Goti ulifunge sufi ya ngamia.

Nilimwandikia Mulla Abutalib wa huko kwenu, yule ambaye Baba hakununua hata jogoo bila kumuuliza, akupigie istikhara, amuulize Mungu kwa tasbihi kama uende. Akavuta tasbihi, akahesabu punje. Jibu: kwenda ni kubaya. Mungu akishasema, mimi nani?

Nakuomba usinune. Baba alipotoka kwenda Karbala mimi ndiye niliyemshikia Msahafu mlangoni apite chini yake. Siku ya tisa tukaletewa joho lake. Sina moyo wa kupokea joho la pili. Nimemwandikia Karbalai Ghorban asimtoe nyumbu hata mmoja zizini.

Mwanao mtiifu,
Lutfullah

*

Yazdi, 12 Mfunguo Saba

Mwanangu,

Salamu kutoka Yazdi. Usiisome tena hiyo mistari ya juu, umeona sawasawa: Yazdi. Goti lina nafuu, maana halitembei, linabebwa.

Nyumbu wako wamo zizini, hakuna aliyevunja amri yako. Nimepanda wa kukodi, katika msafara wa watu wa Yazdi wenyewe.

Wala Mungu sijamwasi. Nilikwenda kwa Mulla Abutalib na sahani ya wali wa zafarani. Nikamwambia, "Mwanangu alikuuliza kama niende. Sasa mimi nakuuliza kama nibaki." Akavuta tasbihi, akahesabu, akahesabu tena. Kubaya! Mzee wa watu akabaki kukuna ndevu. "Bibi, kwenda kubaya, kubaki kubaya. Sasa nikwambie nini?" Nikamjibu, "Usiniambie kitu. Kama kote ni kubaya, nachagua kule aliko binti yangu."

Siku ya kutoka, mguu mmoja umo ndani ya machela, Karbalai Ghorban akapiga chafya. Moja tu, kubwa, ya makusudi. Wote wakasimama. "Subira imekuja, Bibi," akasema huku macho yameinama, "tushushe mizigo." Nikamnyooshea kijaluba changu cha ugoro. "Chafya moja ni subira, Karbalai. Ya pili ni ruhusa. Vuta." Angekataaje mkono wangu? Alipiga saba! Kufikia ya saba alikuwa ananiomba radhi na kumwaga maji nyuma yangu, ya kuniombea safari njema.

Kuhusu Baba: mimi nililala pembeni yake miaka thelathini, usidhani wewe ndiye pekee uliyelipokea lile joho. Naogopa, Lutfullah. Usiku nikisikia kengele za nyumbu namkumbuka. Lakini naenda.

Mama yako

*

Tehrani, 25 Mfunguo Saba

Mama,

Mkono naubusu, ingawa nina hasira. Hujambo? Umekula? Unalala wapi?

Umenifanya kichekesho mbele ya mulla na mbele ya watumishi. Nimetuma machela yangu mwenyewe na watu wanne hadi Kermani. Mtoto akitimiza siku saba, uondoke nao kabla ya joto. Mahrokh ana mama mkwe. Mimi nina mama mmoja.

Nijibu. Kila mjumbe wa posta akigonga, nausikia mlango kabla ya bawabu.

Mwanao

*

Kermani, 14 Mfunguo Nane

Mwanangu Lutfullah,

Salamu za Nairuzi. Mimi mzima. Dada yako mzima. Mpwa wako wa kike mzima, anaitwa Nimtaj, ana sauti ya mwadhini.

Haikuwa rahisi. Siku mbili Mahrokh alichuchumaa juu ya matofali, mikono kanizungushia shingoni nusura aing'oe. Mkunga alishaacha kuniangalia usoni. Asubuhi ya pili dada yako akaninong'oneza, "Mama, mara ile nilikuita mpaka sauti ikakauka." Nikamwambia, "Niite sasa." Akaniita. Kila alipoita nikaitika, mpaka mtoto naye akaita. Nililia mbele ya mama mkwe wake, wala sikuona haya.

Watu wako wanne wamefika na machela. Wanakaa uani, wanamaliza wali wa wenyeji wetu. Kwa hiyo nimetafuta mulla wa hapa, nikamwambia anivutie tasbihi: je, nirudi Isfahani? Imetoka mbaya, mwanangu. Kama nibaki, sijauliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba swali moja linatosha.

Joho langu limetundikwa hapa ukutani, Nimtaj amelitapikia maziwa. Machela nakurudishia. Panda wewe, uje ulione.

Mtu akipiga chafya mlangoni, ugoro umo humu ndani ya bahasha.

Mama yako