Kaburi Yenye Haiko Jette

Papa Gédéon,

Ni mimi, Freddy, président wa mutualité yetu ya kusaidiana wakati ya kilio. Nakuandikia juu siwezi kusema haya mbele ya batu ya kanisa, na bibi yako, Maman Solange, namupigia téléphone lakini nashindwa kufungua kinywa.

Tangu siku ya kwanza sikukuamini. Acha niseme vile iko. Muntu ako Lubumbashi, chef wa comptabilité, mukubwa wa mahesabu kwa kampuni ya mine ya shaba, ako na nyumba kubwa, jardin ya avoka, jeep, mupishi. Anaacha byote. Anakuya na bibi na batoto batatu kukaa mu byumba mbili juu ya salon de coiffure, Matonge ya huku Ulaya, ati Mungu amemutuma kwa bazungu. Missionnaire, kwa bazungu! Ulisimama mu kanisa yetu ukasema, "Bababu yao balituletea Neno. Leo kanisa yao iko baridi. Tumekuya kukaa nao." Batu bakapiga makofi. Mimi nilimuinamia Papa Célestin, mwenye alikaa pembeni yangu, kwa sikio: "Mission ya papiers, anatafuta karatasi ya kukaa Ulaya." Alicheka mpaka akakohoa.

Ile jina ilibaki juu yako. Siku moja uliisikia, ukanicheka: "Tonton Freddy, papiers yangu iko mbinguni, na kule haiko ambassade ya kuomba visa." Batu balicheka na wewe. Mimi nilijisemea: hapana, hii ni jibu ya muntu mwenye alijitayarisha.

Kila jeudi, siku ya ine ya juma, ulikuwa unashuka mu métro ya Porte de Namur na sac yako, hausemi unaenda wapi. Nikasema, voilà, anafanya kazi ya noir, ya kujificha. Nilikufuata mpaka Jette. Uliingia kwa nyumba ya bazee, na mimi nikabaki kwa kituo ya tram, mvua inaninyeshea. Nikakuona kwa dirisha. Ulikuwa unamukatia muzee mumoja, mwanamuke muzungu, mukate bipande bidogo-bidogo. Alikuwa anakugombeza na wewe unacheka. Unajua nilifikiri nini? Haya haikunishika. Nilisema: huyu mama hana batoto, Papa anataka kurizi nyumba yake.

Bon. Unaweza kuniuliza ile akili nilitoa wapi. Ni njia yangu mwenyewe, Papa. Mimi nilikuya huku na chorale. Bamaman ya kanisa kwetu balifunga na kuomba juu tupate visa. Kisha concert ya mwisho, benzangu balipanda bus ya kwenda aéroport, mimi nikapita na mulango ya nyuma ya choo. Robe ya chorale niliiacha imetundikwa pale. Nilimuimbia Mungu juu niingie Ulaya. Alors kila muntu mwenye anamutaja Mungu kwa frontière, pa mupaka, mimi naona sura yangu.

Njo maana, wakati ulilala hospitali kule Woluwe, uliponishika mukono, hata pale nilikuchunguza. Ulisema, na Maman Solange amesimama pale: "Tonton, nikikufa banizike huku. Bamissionnaire ya bazungu balizikwa kwetu, pembeni ya kanisa, kati ya batu benye balitumikia. Na mimi vilevile."

Nilijibu, "Oui, Papa." Lakini mu roho: aah, kaburi njo papiers! Bibi atasema hawezi kuacha kaburi ya bwana yake, na batoto batabaki.

Kwa kilio yako, Maman Solange alisimama aseme. Nilimukata. "Maman, sisi hatutupi muntu yetu kwa baridi. Mutualité itamurudisha nyumbani. Ni coutume, desturi yetu." Salle yote ikaitika amen. Aliniangalia tu, akasema polepole, "Tonton, ulimusikia." Nikajifanya sikumusikia na yeye.

Nilibasindikiza bibi na batoto yako, na sanduku yako, mpaka aéroport ya Zaventem. Si juu ya huruma, hapana, nilikuwa nalinda basitoroke. Mutoto yako ya mwisho aliomba kwenda choo. Nikajisemea: voilà, sasa anatoroka! Akaenda. Akarudi, anapangusa mikono kwa suruali. Balipanda bote. Nilibaki kuangalia écran ya saa ya ndege mpaka avion ilitoka.

Hata kisha pale nilingoja nisikie balirudi kwa njia ya France. Hakuna. Nyumba ya Lubumbashi mulikuwa muliuza, bibi yako anakaa kwa dada yake. Alinipigia mara moja, kuniuliza neno moja tu: "Madame Georgette, nani anaenda kumuona?"

Ni yule wa mukate. Nilienda jeudi, nikamuambia ulikufa. Hakulia. Aliniuliza kaburi iko wapi, juu minibus ya ile nyumba inaweza kumupeleka na maua. Nikamuambia iko Afrique. Akatikisa kichwa: "Lakini alisema atabaki na sisi." Nikasema, "Madame, c'est la coutume." Coutume! Haikuwa coutume, ni mimi, Papa. Nilikuogopa kwa kitu yenye nilifanya mimi.

Alafu sikia hii, utacheka. Infirmière, muuguzi wa pale, aliniuliza, "Monsieur, wewe ni nani kwake? Unatafuta nini?" Na Madame Georgette akatoa sac yake ya feza kwa upande yangu, akaiweka upande ingine. Nilikaa pale na macho yao juu yangu, njo nikajua vile ulikuwa unakaa kati yetu.

Jeudi nitarudi. Ashike sac yake, haiko neno. Nitamukatia mukate, kisha nitamuambia ni nani alimunyima kaburi ya kupelekea maua. Dimanche nitasimama kanisani, niseme na ya ile robe. Na Maman Solange nitamupigia mbele ya bote. Madame Georgette akinifukuza, kituo ya tram naijua, nitasimama pale tena.

Kwaheri, Papa. Lala, hata kama ni mu udongo yenye nilikuchagulia mimi.

Freddy