Goli Ambalo Kasulu Haijalishangilia

S.L.P. 41,
Kasulu, Kigoma.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Ndayisenga,

Amahoro, kaka. Hujambo huko Kanada? Shemeji na watoto hawajambo? Baridi imepungua, au bado mnavaa makoti mawili mawili? Sisi huku tu wazima. Mvua ni nzuri, maharage yameshika maua, na kifua changu kilichonisumbua mwezi wa kwanza kimepona.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu hupokei. Barua hii anakuja nayo Winnie, binti wa Mwalimu Godson, anayekuja kusoma huko, kwa hiyo huna pa kujificha. Ule ujumbe wako wa mwisho, kwamba tulimzika baba yako asubuhi na jioni tukaenda kushangilia mpira, mama yako alisomewa. Tangu siku hiyo simu yake haitoki mkononi, hata shambani anakwenda nayo. Mimi nilikasirika, sikufichi. Sasa tulia nikueleze ilivyokuwa.

Timu yetu ya Rungwe Mpya unaijua. Baba yako, Baba Mkubwa wangu, ndiye aliyeilea, na uwanja alikuwa akiufyeka mwenyewe. Msimu huu tuliingia kombe la taifa, lile la mtoano, ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Tuliwatoa watu wa Buhigwe, tukawatoa wa Tabora kwa penalti. Mara tukasikia redioni tumepangwa na timu kubwa ya Dar es Salaam, tena wanakuja kucheza kwetu, Kasulu mjini! Kaka, wanaume wazima walilia. Baba Mkubwa aliomba shati lake jeupe lipigwe pasi.

Shati hilo ndilo tulilomzika nalo. Alifariki Alhamisi, usingizini, na mechi ilikuwa Jumamosi.

Viongozi waliomba mechi isogezwe, haikuwezekana. Tusipotokea, tumetolewa. Wachezaji wakaja msibani na nahodha wao Makarius, wakakaa chini, wakasema hawachezi. Aliyewajibu ni mama yako.

"Mtacheza. Yeye angewafukuza hapa na fyekeo. Ila mimi nina msiba, kelele sizitaki."

Basi Jumamosi asubuhi tukamzika, na saa kumi tukawa uwanjani. Makarius alishika kipaza sauti akauomba uwanja mzima usishangilie. Nikajisemea, haya, leo tunachekwa. Watu wa mjini wanatujua sisi? Mwalimu Godson mwenyewe, yule wa kutoka Moshi mwenye koo la tarumbeta, alikuja amevaa jezi ya wageni.

Kaka, hakuna aliyefungua mdomo. Umati ule wote, mpaka waliopanda juu ya malori, kimya. Nilisikia mpira unavyopigwa. Nilisikia wachezaji wanavyohema. Wale mastaa tunaowaona kwenye runinga walikuwa wanatazamana tu. Mwili ulinisisimka, na hata sasa ninapoandika unanisisimka. Sijawahi kuona heshima kama ile, wala sikujua kwamba Kasulu inayo.

Kipindi cha pili Fidele wetu akafunga. Goli, kaka! Alifumua kutoka mbali, nyavu zikatikisika. Watu waliziba midomo kwa mikono miwili. Fidele alianza kukimbia, akakumbuka, akasimama. Kisha upande wa akina mama yakaanza makofi, yale ya taratibu ya kumwamkia mzee, yakazunguka uwanja wote. Mwalimu Godson naye alipiga, machozi yakimlowanisha jezi ya watu. Hayo makofi ndiyo uliyoambiwa kuwa ni kushangilia.

Wageni walisawazisha, na dakika za mwisho wakaongeza la pili. Mfungaji wao alinyanyua mikono, akawatazama watu, akaishusha. Tulitolewa. Kabla ya kuondoka walikuja msibani na basi lao, wakakaa mkekani pamoja nasi. Nahodha wao alimshika mama yako mkono.

Baba yangu Ildefonsi anakusalimu sana. Ernesta na wanawe pia, na Fidele, ambaye siku hizi ukimtajia lile goli anainamisha kichwa.

Matanga hatujaondoa. Unajua kwetu kuganduka, huko kuufungua msiba, hakufanyiki mwana mkubwa akiwa hayupo. Nilimuuliza mama yako itakuwa lini.

"Akija," alisema. "Siku hiyo Fidele atapiga tena mpira palepale, na wa kwanza kupiga kelele nitakuwa mimi."

Watu wa Kasulu wameshaambiwa, wanasubiri. Goli letu bado tumelifumba mdomoni, kaka. Mpigie mama yako simu, umwambie unakuja lini.

Mungu akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Immakulata