Sketi Saba Nyekundu

Jumatatu, 3 Februari

Netiboli! Mimi, na miaka yangu sitini na nane! Jirani yangu, mwalimu mstaafu, kaniandikisha kabla sijasema ndiyo. Tuko bibi saba. Leo tumekimbia nusu uwanja tu, tukajibwaga chini. Magoti yanalia. Lakini nimecheka mpaka mbavu zimeuma — tangu mzee wangu afariki sijacheka hivyo.

Fundi cherehani ni mimi, kwa hiyo sketi nitashona mimi. Nimewapima wote viuno, nimeandika kwenye daftari.

Alhamisi, 13 Machi

Binti yangu kajua. Kaziona raba mlangoni. Alivyokuja juu! Eti mfupa wa umri huu ukivunjika hauungi. Kaweka sharti: nikianguka mara moja tu, raba anazichukua, netiboli basi. Nimekubali. Ningefanyaje?

Naogopa. Si kuanguka. Naogopa kurudi kwenye kile kiti cha dirishani, kukaa kutwa nahesabu wapita njia.

Jumanne, 22 Aprili

Kliniki. Daktari kapima presha, kapima tena, akadhani mashine mbovu. Imeshuka! Kasema chochote ninachofanya nisiache. Ngazi za dukani napanda bila kushika ukuta. Usingizi nao — fofofo.

Binti yangu kasoma cheti, kakirudia. Sharti hajalifuta, ila mechi yetu ya kwanza, mwezi ujao, anakuja kuangalia. Makubwa!

Ijumaa, 9 Mei

Nimemaliza sketi ya saba. Nyekundu, marinda yamenyooka. Kuwaita tena kuwapima nimeona usumbufu. Daftari si lipo?

Jumamosi, 10 Mei

Naandika benchini, ni mapumziko. Aibu gani hii! Fundi wa miaka arobaini, nimeshonea vipimo vya Februari! Viuno vyote vimepungua! Tumecheza mkono mmoja kwenye mpira, mwingine kwenye sketi. Twiga, mrefu wetu, karuka kufunga, sketi ikabaki chini — ndani kavaa kaptura ya mumewe! Refa kacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni.

Kisha ikawa zamu yangu. Sketi ikateremka magotini, nikajikwaa — pu! Kifudifudi. Nikanyanyuka mwenyewe, nikapandisha sketi, nikaendelea. Februari wangehitajika watu wawili kuniinua. Lakini sharti ni sharti.

Binti yangu anakuja. Hacheki. Nimeficha miguu chini ya benchi kama mtoto.

Kafika. Kapiga goti mbele yangu. Haya, raba zangu, kwaherini.

Hapana — kavuta mkoba wangu, anatafuta kopo la pini! Kabana moja mdomoni, nyingine anaichomeka kiunoni kwangu. "Kiuno kimekwenda wapi, Mama?" Kisha, taratibu: "Umenyanyuka mwenyewe. Nimeona." Macho yamemlowa. Yangu pia. Kuhusu sharti simuulizi ng'o!

Anasema niache kuandika, niinue mikono. Filimbi hiyo! Wenzangu wananiita. Bado pini moja —