Waya Niliong'oa Ukiwa Homa Bay

Mwalimu Okoth,

Mashine yako haikuharibika. Nimelificha neno hilo tangu siku bweni la wasichana lilipoungua, nawe ukazikwa ukiamini kwamba uliunda kitu kilichonyamaza mtoto akiungua. Waya wa king'ora niliung'oa mimi, Mwalimu wako Mkuu, kwa mkono wangu.

Naandika nikiwa kitandani, Migori. Moyo umechoka, na daktari hanifichi tena. Vumilia mwandiko, wewe uliyekuwa ukinitania kwamba naandika kama karani wa mkoloni.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa sasa alikuja kuniona. Siku hizi shule zetu zinafungiwa vifaa vya kugundua moshi na joto mapema, kama ulivyotaka wewe wakati hakuna aliyekusikiliza. Aliniambia kwamba mkutanoni mkufunzi aliwaonya walimu: "Msitumie vya kuungaunga kama kile cha shule ya Karungu, kilicholala moto ukiwaka." Wakacheka. Alinisimulia huku akicheka, nami nikatabasamu. Okoth, nilitabasamu. Alipotoka nikajua kwamba nikifa hivi nitakuwa nimekuzika mara mbili.

Robi, msichana yule aliyeungua, yuko hai. Yuko kwao Kegonga, anauza mahindi sokoni. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulifunga vile vifaa vidogo darini, bweni baada ya bweni, ukavuta nyaya hadi ofisini kwangu. Moshi ukipanda, king'ora kinalia ukutani, na kisanduku kinatuma ujumbe kwa simu yangu. Niliona fahari. Lakini hukufikiria jirani zetu, na mimi pia sikufikiria. Ng'ambo ya ua akina mama walikausha samaki, mbuta, kwa moshi, na upepo wa ziwa ukigeuka tu, king'ora kinalia. Mara ya kwanza wasichana walitoka mbio. Mara ya pili walitembea. Baadaye wakawa wanakaa madirishani wakiimba, "Samaki wa Min Awuor ameiva!" Naye Min Awuor mwenyewe, mmoja wa wale akina mama, akakuita akiwa na moshi machoni: "Mwalimu, hiyo mashine yako inanusa kila siku na hainunui! Iambie ije na sahani." Ulicheka mpaka ukashika ua.

Mimi sikucheka. Nilikuambia uizime. Ukanijibu, "Mzee, mbwa akibwekea jirani humchinji, unamfundisha jirani ni nani." Ukaomba ruhusa uende Homa Bay kwa rafiki yako fundi, mtafute kifaa kitakachotofautisha moshi wa samaki na moto wa kweli. Nikakuruhusu. Ulipaswa kurudi Jumamosi.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya kutoa tuzo. Asubuhi upepo ulikuwa unatoka upande wa Min Awuor, naye alikwisha kuwasha majiko yake. Nikajiona nimesimama mbele ya askofu na wazazi, king'ora kinalia, wasichana wanaimba habari za samaki. Nikapanda kiti nikang'oa waya wa king'ora. Nilijiambia nitaurudisha wageni wakiondoka. Sikumwambia mtu.

Alasiri watu wote walikuwa uwanjani isipokuwa Robi, aliyelala bwenini na malaria. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameficha ndoo yenye hita ya maji ya chai chini ya kitanda, ikiwa kwenye umeme, na maji ya ndoo yakakauka. Tulipoona moshi juu ya paa, magodoro yalikuwa yanawaka. Matroni aliingia akamburuta Robi kwa blanketi.

Na mimi? Wengine wakikimbia na ndoo, mimi nilikimbilia ofisini. Nikapanda kiti kile kile, nikaurudisha waya. Wakaguzi walipokuja walikuta kila kitu kimeungwa sawasawa. Wakaniuliza kwa nini king'ora hakikulia. Nikasema, "Muulizeni aliyekitengeneza."

Wakakuuliza. Nawe, kwa kuwa ulikuwa mtu wa kweli, ukasema hujui. Ukaondolewa shuleni kwa neno hilo.

Matangani kwenu Akinyi, mkeo, alikaa nami akanieleza mambo ambayo sikumwomba. Kwamba kila jioni uliifungua ile mashine mezani na kuifunga tena, ukitafuta kosa. Kwamba kila ulipoichomea karatasi ililia, hata majirani wakalalamika. Kwamba ulikuwa ukimwambia, "Inalia hapa. Kwa nini haikulia pale?" Miaka yote hiyo, Okoth, mpaka presha ikakumaliza. Nilimpa pole. Nikala chakula chake.

Ningeweza kukuambia wakati wowote. Homa Bay, ulikoishi baada ya kuondolewa, si mbali. Nilistaafu nikapewa kiti na hotuba, na katika hotuba walinisifu kwa jinsi nilivyotulia siku ya moto.

Nimemtuma mwanangu awalete Akinyi na Robi hapa Ijumaa. Nitaisoma barua hii mbele yao kwa mdomo wangu, na sauti ikikatika mwanangu ataimalizia. Kisha itaenda kwa mwalimu mkuu, aisome kwa walimu wale wale waliocheka. Nakuahidi hilo, na nimemwapisha mwanangu, ili hata nikifa kabla ya Ijumaa lifanyike. Msamaha sikuombi, huwezi kunipa tena, na wanaoweza watakuwa wameketi mbele yangu. Oriti, kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika, kazi yako ilikuwa nzuri.

Limebaki moja. Nimeizunguka barua nzima nikilikwepa.

Uliniuliza mara moja tu, umesimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi: "Mzee, hata ujumbe wa simu haukuja?" Nikakuambia haukuja.

Ulikuja, Okoth. Niliusoma nikiwa nimeketi kando ya askofu, kabla moshi haujaonekana juu ya paa, nikajiambia ni samaki, nikaufuta.