Mzee Mhina ni wa Nani

Jumapili, 4 Agosti 1974

Shemeji Mbwana kashuka tena kutoka Kwashemshi, kule milimani kwao Wasambaa. Kanywa chai yangu, kala maandazi yangu, halafu kasema Jumapili ijayo anamchukua mwanangu Mashavu. Eti mtoto ni wa baba, na baba akishafariki ni wa baba zake wadogo. Mume wangu alipokuwa anaumwa, huyu baba mdogo hakuonekana! Leo mtoto anajua kuchota maji na kupalilia, ndiyo wamekumbuka kuwa ni wao.

Mjomba Rehani kaniambia nisilie. Sisi Wazigua mtoto ni wa mama, ukoo unafuata tumbo. Atawaambia hivyo Wasambaa kwenye baraza la Jumatano, wasikie wote.

Jumatano, 7 Agosti

Baraza limekaa hapa hotelini kwangu, maana ndipo penye mabenchi. Serikali itajenga zahanati na duka la ushirika hapa njia panda ya reli. Katibu Tarafa anataka kujua: stesheni hii ni ya Handeni, kwetu Wazigua, au ya Korogwe, kwao Wasambaa? Mpaka wenyewe ulikuwa mto, na mto umehama. Basi tutazame historia, kasema. Mwenyeji wa kwanza alikuwa nani?

Wote wamekubali: mzee Mhina, aliyempa Mjerumani kiwanja cha stesheni. (Alimpa au alinyang'anywa? Hilo hakuna aliyeuliza.) Shida ni kwamba mama yake Mhina alikuwa Mzigua, baba yake Msambaa.

Mjomba kasimama, kakohoa, kasema mtoto ni wa mama, kwa hiyo Mhina ni wetu na stesheni ni ya Handeni. Mbwana ndiye msemaji wa Wasambaa — kasema mtoto ni wa baba, stesheni ni ya Korogwe. Mimi namimina chai. Wakimpa Mhina kwa mama yake, Mbwana atakuwa na mdomo gani wa kunidai Mashavu? Mjomba nikamwongezea sukari. Mbwana nikampa ile ya chini ya birika, majani matupu.

Wamebishana mpaka sauti zikawakauka. Baraza limeahirishwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Mashavu kaniuliza kama Kwashemshi kuna baridi. Nikamkaripia, ale anyamaze. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Jumamosi, 10 Agosti

Makubwa haya! Katibu Tarafa karudi na habari nzima. Zahanati ipo, duka lipo — lakini vyote ni vya kijiji cha Ujamaa, na upande wenye Mhina ndio utakaohamia. Wote! Waache migomba yao, waache michungwa yao, waje huku bondeni kwenye mbu. Mvua zikizidi mto unaingia mpaka jikoni. Mimi hapa nimeshapika nimesimama juu ya benchi.

Hapo mjomba kainuka taratibu. Amefikiri sana, anasema, na haki ni haki: mtoto ni wa baba. Mhina ni Msambaa, sisi hatuna haja ya kuiba wazee wa watu. Mbwana kainuka kwa haraka mpaka kamwaga chai. Hasha, kasema, aliyebeba mimba ni nani? Mtoto ni wa mama. Mhina wenu, mchukueni kwa heshima zote.

Nilikimbilia jikoni kucheka. Halafu kicheko kikaniisha. Mjomba, mtetezi wangu pekee, kasema mtoto ni wa baba, tena mbele ya Serikali.

Jumapili, 11 Agosti

Mbwana kaja na kapu la nguo za mtoto. Nikasimama mlangoni.

"Shemeji," nikamwambia, "Katibu Tarafa yupo pale anangoja gari moshi, na bado hajaandika Mhina ni wa nani. Twende tukamuage. Umweleze unamchukua mtoto wa kaka yako kwa sababu mtoto ni wa baba."

Kaweka kapu chini. Eti hana haraka.

Kumbe mjomba kasikia, kaja mbio kashika kanzu mkononi. "Mchukue!" anamwambia Mbwana. "Mchukue sasa hivi, Katibu akiona!" Mjomba wangu huyo, tumbo moja na mama yangu! Akamvuta Mashavu aliyekuwa nyuma yangu, akamsukumia Mbwana. Mbwana akamrudisha kwake. Mashavu katikati, kanitazama.

"Mama, kwani wote hawanitaki?"

Nimemwingiza jikoni, nimempa andazi la moto. Naandika juu ya debe la unga, nikiacha nitamrushia mtu birika. Katibu Tarafa kavuka reli, namsikia anawauliza mnagombania nini, na mtoto yule ni wa nani. Wanamwamkia tu. Anaagiza niitwe mimi.

Mjomba kachungulia. Ananinong'oneza nisiseme kitu, nikisema mtoto ni wangu, basi na Mhina ni wetu, na watu wetu wote watahama.

Nafuta mikono. Ni wangu. Na wahame.