Kicheko cha Siku ya Maziko

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku siwezi kusema hatujambo; leo hata uongo wa salamu umenishinda.

Unakumbuka mwanao alivyoanza kuharibu kazi. Alimshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto, na alipoambiwa akacheka. Ukasema nimemdekeza. Kisha siku ya kumzika baba mkwe, akaangua kicheko pale kaburini mbele ya umati. Ukamwambia, “Toka, na usikanyage kwangu tena!” Mashemeji wakamkokota kama mwizi.

Mwezi uliopita alianguka kwenye cherehani, mwili mzima ukitetemeka. Hospitali wakampiga picha ya kichwa, wakakuta uvimbe kwenye ubongo, upande wa mbele. Daktari mpasuaji alinieleza kwamba hapo ndipo panapomzuia mtu kufanya yasiyofaa. Nikamuuliza kuhusu kicheko. Akasema kinaweza kabisa kuwa ni ugonjwa, wala si kiburi.

Alisema ubongo una seli ziitwazo glia, kazi yake ni kuzishika na kuzilisha seli za fahamu. Ndizo zilizoasi. Uvimbe wake una aina nyingi, na madaraja manne. La kwanza hukua polepole, na mara nyingi likikatwa limekwisha. La pili nalo halina haraka, ila hujipenyeza, na baadaye hugeuka kuwa kali. La tatu ni kali tayari. La nne hakuniambia mara moja. Alivua miwani kwanza.

Kuna aina inayotoka kwenye seli zinazofunika nyuzi za fahamu, ambayo husikia dawa vizuri zaidi. Wakati kipande cha uvimbe kikipimwa maabara, nikaomba iwe hiyo. Fikiria, mama, naomba kama mtu anayechagua ugonjwa dukani!

Majibu yametoka: ni glioblastoma, ile kali kuliko zote, daraja la nne. Wamekata walichoweza. Mionzi na dawa vitachelewesha tu, haviponyi.

Mashemeji nimewapigia. Mmoja akaniuliza kama nina hakika si maigizo. Nikakata simu kabla sijamtukana.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Mwanao hakumbuki kwamba ulimfukuza. Hakumbuki hata kwamba baba yake amefariki. Kila nikimwosha uso ananiuliza, “Mama bado hajafika?” Namjibu uko njiani. Nimekuchukia, mama, sitakuficha. Lakini ndivyo ninavyomjibu, na yeye anatabasamu, anageukia mlango.

Ukija, usije kuomba msamaha. Hatajua unaomba wa nini. Na akimuulizia baba yake, jibu utalitafuta wewe. Mimi majibu yangu yameisha.

Wasalimie wanaostahili.

Mkweo,
Fundi Makochi